Kadi ya Waifai na Swali la Bi Mwanaisha

Chuno, Mtwara
4 Machi 2024

Mjomba Cesar,

Shikamoo. Mimi mpwa wako ni mzima. Mama ni mzima huko Kitaya, ila goti la kushoto linamsumbua akishuka bondeni. Ruvuma imejaa mwaka huu. Mpunga wa chini umelala majini siku sita, wa juu umepona. Ameniletea kambale wakavu kwa mkono wa dereva wa gari la Noah, nimegawana na majirani.

Sijui kama barua zangu mbili, ya Desemba na ya Januari, zilikufika. Siku ya hukumu ulituambia asije mtu kukutembelea, nasi tumetii. Lakini barua hukukataza. Mama ndiye aliyenishauri: "Ukimuuliza hali hatakujibu. Muulize kazi." Basi nakuuliza kazi.

Ile kompyuta ya Dell ya dukani imekosa waifai. Mvua ya Februari ilipenya bati, maji yakaidondokea. Fundi mmoja wa sokoni aliifungua, akaikausha, akasema kadi ya waifai imeungua. Akaweka nyingine ya kutoka kwenye mashine iliyokufa. Kompyuta inawaka, inachapa, kila kitu chako kipo, ila alama ya waifai haionekani kabisa. Fundi anasema kadi ni nzima, tatizo ni hiyo Linux uliyoiweka wewe, haina draiva yake. Anataka afute kila kitu aweke Windows. Nimetafuta kwenye simu, kila mtu anasema lake, nami naogopa kuharibu. Wateja wa maombi ya vyuo na ajira nawarudisha. Duka limebaki la kutoa kopi tu.

Nifanyeje?

Neusa


Gerezani
27 Machi 2024

Mpwa wangu Neusa,

Marahaba. Barua zako zote tatu nimezipata. Mwambie dada goti alikande kwa maji ya chumvi, na mpunga wa mwakani aanzie juu.

Fundi asifute kitu. Humo mna kazi za wateja za miaka minane, na hiyo Windows atakayokuwekea ni ya wizi, itajaa virusi kabla ya mwezi kuisha. Linux haina kosa. Kuna kadi ambazo watengenezaji wake hawakutaka mtu mwingine ajue zinavyofanya kazi, kwa hiyo draiva yake haiji na Linux, lazima uitafute. Kwanza tujue kadi ni ipi. Fungua ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri, uandike hivi:

lspci -nn

Itatoka orodha ndefu. Tafuta mstari wenye neno Network. Uninakilie wote kama ulivyo, hasa namba zilizo ndani ya mabano mwishoni. Usiruke hata nukta.

Ziba bati kwanza.

Mjomba wako,
Cesar


Chuno
16 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Bati nimeziba kwa lami. Mama amekanda goti, anasema limepungua, nadhani anasema ili uridhike. Pasaka ameimba kwaya amekaa kwenye kiti.

Mstari ni huu:

Network controller [0280]: Broadcom BCM4312 802.11b/g LP-PHY [14e4:4315] (rev 01)

Jambo la pili, na usinikasirikie. Mama anauliza kama ni vizuri sisi wa familia twende Mahurunga, kwa watu wa yule mzee marehemu, tukawape pole. Tangu ajali ni mwaka na zaidi na hatujakanyaga kwao. Mama anasema hata kama watatufukuza, tutakuwa tumekwenda. Anangoja neno lako.

Neusa


Gerezani
10 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Najua umengoja. Barua yako ilifika hapa mwezi wa nne, nami nikaijibu siku ile ile, lakini jibu langu lilizuiwa. Barua zetu hupitia kwa Afande Erasto, ambaye husoma kila neno kabla ya kugonga mhuri, na ndivyo kazi yake ilivyo. Aliona amri nilizokuandikia, akadhani ni lugha ya mafumbo. Aliniita ofisini, akaweka kidole juu ya neno moja, akaniuliza, "Huyu Sudo ni nani?"

Nikamwambia si mtu, ni neno la kuomba kibali kwa kompyuta. Akauliza kibali cha kutokea wapi. Ikabidi nimchoree mashine nzima, kadi ilipo, antena inapopita, na kwa nini draiva inahitaji kibali ili iingie. Amenisikiliza mara tatu kwa siku tatu tofauti, na kati ya siku na siku zilipita wiki. Mwishoni akasema ana laptop nyumbani yenye ugonjwa kama huo. Tangu hapo hatuna shida.

Kadi yako naijua. Draiva yake inaitwa bcmwl, na ipo kwenye flashi nyekundu niliyosakinishia Linux, droo ya chini, ndani ya bahasha. Ichomeke, ingia folda iitwayo pool, utafute mafaili mawili. La kwanza linaanza na dkms, la pili linaanza na bcmwl. Bofya la kwanza, ngoja liishe, ndipo la pili. Likilalamika kwamba halioni headers, yaani mafaili ya Linux ambayo draiva huyategemea, unganisha simu na kompyuta kwa waya, washa intaneti ya waya kwenye simu, kisha andika:

sudo apt install linux-headers-$(uname -r)

Halafu bofya tena lile la pili.

Hilo la Mahurunga tuliache.

Cesar


Chuno
8 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Tumshukuru Afande Erasto. Mama amecheka habari ya Sudo mpaka akashika ubavu. Korosho zimeanza kuchanua, anasema ukungu wa asubuhi ni mwingi, hajui kama maua yatashika.

Flashi nimeiona. Mafaili nimeyapata. La pili lililalamika kama ulivyosema. Siku mbili nzima simu yangu haikukubali kuonekana kwenye kompyuta, nikadhani nimeharibu, kumbe waya wangu ni wa kuchaji tu, haupitishi kitu kingine. Nimenunua mwingine. Headers zimeingia, faili la pili limeingia, hakuna malalamiko tena. Nimezima na kuwasha. Waifai bado haionekani.

Intaneti ya waya haitoshi, kwa sababu tundu la simu yangu limelegea. Waya ukitikisika kidogo inakatika, na fomu ikikatika katikati unaanza upya. Juzi imekatika mara nne.

Naomba ukijibu, jibu mapema. Kuna mteja mmoja wa maombi ya mkopo wa chuo. Makaratasi yake yako hapa, nimeshaanza kuyaskani. Mwisho wa maombi ni mwisho wa Agosti, na huyu sitaki kumrudisha.

Neusa


Gerezani
19 Julai 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika jana, Afande ameniletea mwenyewe shambani mwa gereza, nami najibu leo.

Nimelala nikiwaza, nikakumbuka. Kosa ni langu. Miaka minne iliyopita draiva hiyohiyo iligombana na kadi ya zamani, nikaipiga marufuku. Niliandika jina lake kwenye orodha ya vitu visivyoruhusiwa kujiwasha vyenyewe, halafu nikasahau. Kwa hiyo imeingia lakini inakaa mlangoni, haipiti. Itabidi uiite wewe kwa jina. Andika kwanza:

sudo modprobe -r b43 ssb

halafu:

sudo modprobe wl

Ikiitika, alama ya waifai itatokea hapo hapo. Ukishahakikisha, nitakuelekeza namna ya kulifuta jina lake kwenye ile orodha, ili usiiite kila asubuhi.

Mteja ni nani, mbona huyu tu ndiye usiyetaka kumrudisha?

Cesar


Chuno
12 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Waifai inafanya kazi.

Ilinichukua siku kumi na moja, na zote zilipotea kwenye herufi moja. Niliandika amri yako kama nilivyoisoma, kompyuta ikajibu kwamba haijui kitu kama hicho. Nikarudia, nikazima, nikawasha, nikaweka upya mafaili yote. Jumanne asubuhi nikaisoma tena barua yako yote tangu mwanzo, nikaona unavyoandika neno "langu", na unavyoandika tarehe. Kumbe L yako ndogo na moja yako ni kitu kimoja. Nilikuwa nikiiita w-moja. Nilipoandika L, alama ikatokea kabla sijaondoa kidole. Nilikuwa peke yangu dukani, nikapiga makofi.

Ule mkopo nimeutuma siku ile ile, umepokelewa.

Sasa swali lako. Sikukujibu mapema kwa sababu nilijua ungeacha kuandika. Mteja ni msichana, amemaliza kidato cha sita, amefikia kwa shangazi yake hapa Chuno, anataka kusomea uuguzi. Fomu inataka cheti cha kifo kwa mwombaji aliyefiwa na mzazi. Mwanzoni mwa Julai alinipa cha baba yake nikiskani. Nilisoma jina, kijiji na tarehe. Ni Selemani Mkwanda wa Mahurunga. Mwombaji anaitwa Farida.

Sikumwambia kitu siku ile. Nilihofia angeondoka na makaratasi yake, aende kwingine, achelewe. Nilimwambia baada ya maombi kupokelewa. Nilisema, "Mimi ni mpwa wa Cesar Nantimbo." Akaomba makaratasi yake, akayahesabu moja moja, akaondoka.

Sijui kama nilifanya vizuri kumwambia. Ningekuwa sijamwambia, nisingelala.

Neusa


Chuno
22 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu, na wiki karibu sita zimepita. Nimempigia Afande Erasto kwenye namba ya ofisi, amesema wewe si mgonjwa na barua ilikufika. Basi najua ni wewe mwenyewe.

Mama hajambo. Korosho za shamba la juu zimeshika vizuri. Nimejifunza mwenyewe kulifuta jina la draiva kwenye orodha yako, sasa kompyuta ikiwaka waifai inawaka nayo. Farida amepata chuo.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, alikuja dukani na mama yake, Bi Mwanaisha. Niliwapa viti. Bi Mwanaisha hakukaa. Ni mwanamke mfupi, anaongea taratibu. Alisema hakuja kwa ugomvi wala kwa kuomba. Alisema mahakamani alikaa siku zote tatu kwenye benchi la nyuma, akasikia habari za mwendo wa gari, habari za simu, habari za breki, mpaka ikaisha. Kitu kimoja hakukisikia, na hakuna mwingine wa kumuuliza, kwa sababu pale barabarani mlikuwa wawili tu.

Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema. "Muulize mjomba wako. Mume wangu alikufa pale pale, au alipata muda? Na kama alipata muda, alitamka shahada?"

Nikamwambia nitakuuliza. Akasema atangoja.

Mjomba, ukiniandikia mimi au usiponiandikia, si neno. Huyu mjibu.

Neusa


Gerezani
14 Oktoba 2024

Mpwa wangu Neusa,

Marahaba. Karatasi hii ni ya tatu. Mbili nimezichana.

Ulifanya vizuri kumwambia Farida. Sikuacha kuandika kwa hasira. Niliona jina, mkono ukakataa.

Msomee Bi Mwanaisha kuanzia hapa.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Nilikuwa natoka Kitaya na pikapu ya kuazima, nimepakia mpunga wa dada. Ujumbe wa mteja uliingia kwenye simu, nikainama kuusoma. Hilo nililikiri mahakamani na sina la kupunguza. Nilipoinua macho baiskeli ilikuwa mbele yangu. Ilikuwa imebeba muhogo.

Hakufa pale pale. Alipata muda, nadhani robo saa, labda zaidi kidogo. Damu haikuwa nyingi kwa nje. Nilimlaza pembeni kwenye majani, nikapiga simu hospitali na polisi, nikarudi kwake. Kitu cha kwanza alichoniambia ni niiondoe baiskeli barabarani, asije mwingine akaikanyaga akaanguka. Nikaiondoa. Akaniuliza jina, nikamwambia. Akaniuliza kwetu, nikamwambia Kitaya. Akasema anapajua, aliwahi kuuza nazi huko. Hakunilaani.

Kisha akasema, "Nigeuze." Nikadhani ubavu unamuuma, nikamgeuzia upande wa mtoni. Akatikisa kichwa, akasema, "Sio huko. Kibla." Mimi ni Mkristo, lakini nimekulia na Waislamu, najua mnakoelekea. Nikamgeuza kuelekea kaskazini, nikamwekea shati langu chini ya kichwa.

Akatamka shahada. Nilimsikia kwa masikio yangu, na maneno hayo nayajua kwa kuyasikia tangu utotoni. Mara ya kwanza aliyasema yote mpaka mwisho, kwa sauti ya kawaida. Mara ya pili alianza, na katikati sauti ikaisha, lakini midomo iliendelea mpaka ikatulia. Sikujua kama naruhusiwa kusema naye, kwa hiyo nikamshika mkono tu. Baada ya hapo hakusema neno lingine. Gari la polisi lilikuta nimemfumba macho.

Bi Mwanaisha, ilipasa uyajue haya tangu siku ile. Mahakamani niliulizwa mwendo, nikajibu mwendo. Niliulizwa simu, nikajibu simu. Wakili wangu aliniambia nisiongeze nisichoulizwa. Siku ya mwisho nilipewa nafasi ya kusema, nikakuona kwenye benchi. Nikaogopa kwamba nikisema hivi wakati hakimu anapanga miaka, itaonekana natumia kifo cha mumeo kujipunguzia kifungo. Nikanyamaza. Baadaye kunyamaza kukawa kuzito kuliko kusema. Sikuombi kitu kwa kukujibu. Umeuliza, na jibu ni ndiyo, alitamka.

Usome mpaka hapo, Neusa. Usipunguze wala usipambe.

Dada akitaka kwenda Mahurunga, aende.

Cesar


Chuno
3 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wote wazima.

Tulikwenda Mahurunga jana, mimi na mama. Mama alibeba mchele. Tulipokelewa ukumbini, tukapewa mkeka na maji ya kunywa. Farida yuko chuoni, lakini walikuwepo shemeji za Bi Mwanaisha wawili na jirani mmoja. Mama alisema pole kwa niaba ya ukoo wetu. Mzee mmoja kati ya wale shemeji aliitikia, mwingine hakuitikia.

Kisha nikasoma barua. Nilisoma pale uliponiambia nianzie mpaka uliponiambia niishie, sikupunguza neno. Nilipofika kwenye baiskeli, Bi Mwanaisha aliitikia kwa kichwa akasema ndivyo alivyokuwa. Nilipofika kwenye kugeuzwa, yule mzee ambaye hakuitikia aliondoka akaenda kusimama uani. Kwenye shahada Bi Mwanaisha aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, nikarudia, na mara ile ya tatu alikuwa anaisema pamoja nami, polepole.

Nilipomaliza sikujua kama tuondoke au tubaki. Mama alinigusa goti nisinyanyuke. Mwisho Bi Mwanaisha alijifuta uso kwa upande wa kanga, akasema, "Mwambie nimesikia." Hakusema amesamehe, nami sikuuliza.

Tulipoaga alinyoosha mkono, nikadhani ananipa mkono wa kwaheri. Alikuwa anataka barua. Nikamwambia ina mambo yetu mengine mwanzoni na mwishoni. Akasema hajui kusoma, mambo yetu hayatamdhuru, anaitaka ile karatasi. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Kwa hiyo barua yako sinayo, Mjomba. Anayo yeye.

Mpwa wako,
Neusa